Kilicho Hai na Kisicho Hai: Somo la Sayansi Katika Soko la Kariakoo

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza huijua kwa moyo orodha ya sifa saba za viumbe hai: kula, kupumua, kujongea, kukua, kuhisi, kuzaa na kutoa taka za mwili. Orodha hiyo huandikwa ubaoni, hunakiliwa madaftarini, na siku ya mtihani hurudishwa kwa mwalimu bila kupungua hata neno moja. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa kiganja cha choroko kavu na kuulizwa, "Hizi zi hai au si hai?", mara nyingi husita. Choroko hizo hazili, hazijongei, hazikui wala hazizai. Kwa mujibu wa orodha, zimekufa. Hata hivyo, zikilowekwa jioni, baada ya siku moja au mbili huwa zimetoa mizizi. Je, wafu wamefufuka?

Swali hili si la mzaha. Likijibiwa vibaya, mwanafunzi atakuwa amejifunza maneno, hakujifunza sayansi. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wake kuipima orodha ile kwa vitu vinavyoonekana na kushikika. Maabara inayotumika hapa haihitaji vifaa vya kuagizwa kutoka ng'ambo. Maabara hiyo ni soko.

Soko lenyewe

Mtaa wa Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, ulipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza lililopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yaani Carrier Corps, jina ambalo wenyeji walilitamka kwa namna yao. Jengo kuu la soko lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la zege, nalo limeinuliwa juu ya nguzo zilizopanuka kama miavuli, ambazo pia hukinga maji ya mvua.

Ndani ya soko na katika mitaa inayolizunguka, kama vile Kongo, Swahili, Tandamti na Msimbazi, huuzwa takriban kila aina ya kitu ambacho somo hili lahitaji: nafaka, kunde, mihogo, mayai, kuku, dagaa, hamira, magadi, chumvi, chokaa, mkaa, mikeka, sufuria na betri. Mwalimu aliye mbali na Dar es Salaam asivunjike moyo. Gulio lolote la wilayani lina vitu vingi kati ya hivyo.

Lugha huweza kupoteza njia

Kabla ya kuingia sokoni, yafaa mwalimu atambue kwamba mwanafunzi haji darasani akiwa mtupu. Huja na lugha yake, na lugha ina mgawanyo wake wa vitu. Kwa Kiswahili, kipepeo anaruka na ng'ombe anakula, ijapokuwa majina hayo hayamo katika ngeli moja kwa umbo. Wote wawili hupewa kipatanishi cha watu kwa sababu ni wanyama. Lakini mchicha unanyauka, mgomba umezaa na uyoga umeota, kama vile mkeka unavyochakaa na mlango unavyofungwa. Kwa hiyo sarufi humnong'oneza mtoto kwamba mchicha ni ndugu wa mkeka kuliko kuwa ndugu wa mbuzi.

Kwa upande mwingine, watu husema kwamba gari limekufa, betri imekufa, saa inatembea. Maneno haya si makosa, kwani ndivyo lugha inavyofanya kazi. Ila mwanafunzi hana budi kujua kwamba kipatanishi cha sarufi si kipimo cha uhai. Wala tatizo hili si la Waswahili peke yao. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1926 jinsi watoto wadogo wa Ulaya walivyodhani kuwa jua, mawingu na mito vina uhai kwa sababu vinakwenda.

Moto na chumvi

Sasa orodha ile ya sifa saba ipimwe kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni moto. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto uliunguza soko la Kariakoo na kuwatia wafanyabiashara hasara kubwa. Mtu aliyeshuhudia moto wa namna hiyo angeweza kueleza hivi: moto ulikula mbao na nguo; ulivuta hewa ya oksijeni na kutoa hewa ya ukaa; ulikua; ulijongea kutoka kibanda hadi kibanda; uliitika upepo ulipovuma; ulizaa mioto mingine kwa cheche; na uliacha majivu kama taka. Sifa zote saba zimetimia! Hata hivyo hakuna mwanabiolojia atakayesema kuwa moto ni kiumbe hai.

Cha pili ni chumvi. Mwanafunzi akiyeyusha chumvi katika maji ya moto hadi isiyeyuke tena, kisha akaning'iniza uzi ndani yake na kuacha maji yapungue polepole, baada ya siku kadhaa ataona fuwele zimejijenga juu ya uzi, nazo zinaendelea kukua. Fuwele hukua, lakini hukua kwa kubandikwa chumvi juu ya chumvi kutoka nje, kama ukuta uongezwavyo matofali. Kuku hakui hivyo. Kuku hula mtama, lakini hageuki kuwa mtama. Huuvunjavunja mtama ule ndani ya mwili wake na kuujenga upya kuwa nyama, manyoya na mifupa ya kuku.

Ni dhahiri basi kwamba orodha ya sifa saba ni msaada wa kuanzia tu. Hueleza yale yaonekanayo kwa nje. Choroko yakosa karibu zote nayo i hai; moto unazo zote nao si hai.

Sifa zilizo nyuma ya sifa

Nyuma ya orodha ile kuna mambo matatu ambayo moto na chumvi havina.

La kwanza ni chembe hai. Katika miaka ya 1838 na 1839, Wajerumani wawili, Matthias Schleiden na Theodor Schwann, walieleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa chembe. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akasisitiza kuwa kila chembe hutokana na chembe iliyoitangulia. Hakuna chembe katika ulimi wa moto, wala katika punje ya chumvi.

La pili ni kazi za kikemia zinazoendeshwa kwa utaratibu ndani ya chembe. Moto huunguza kuni zote kwa pupa mpaka zimekwisha. Chembe hai nayo huunguza sukari, lakini kwa hatua ndogo ndogo zinazosimamiwa na vimeng'enya, ikiweka akiba ya nguvu na kuitumia kujitengeneza.

La tatu ni urithi. Ndani ya kila chembe mna maagizo yaliyoandikwa kikemia, ambayo mzazi humpa mtoto. Mbegu ya choroko hutoa mchoroko, haitoi mkunde. Moto uliowashwa kwa mshumaa ukihamia kwenye mkaa huwa moto wa mkaa. Haubebi kumbukumbu yoyote ya mama yake. Na kwa kuwa maagizo ya urithi hubadilika kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi, viumbe hai huweza kubadilika na kuyazoea mazingira mapya. Moto wa leo ni ule ule wa enzi za kale.

Meza ya nafaka

Kwa vipimo hivi vitatu, mwanafunzi arudi kwenye choroko zake. Ndani ya punje mna kijusi cha mmea chenye chembe hai. Kwa sababu punje ni kavu, kazi zake za kikemia zimepungua sana, lakini maagizo ya urithi yamehifadhiwa na mitambo ya chembe haijaharibika. Huo ni uhai uliolala. Usingizi huo huweza kuwa mrefu ajabu: mwaka 2005 wanasayansi wa Israeli walipanda kokwa ya tende ya kale iliyofukuliwa huko Masada, yenye umri wa miaka ipatayo 2,000, nayo ikaota.

Kando ya gunia la choroko kuna gunia la mchele. Mchele ulitokana na mpunga, na mpunga huota. Lakini kinu kimeuondolea mchele maganda pamoja na kile kijusi kilichokuwa kwenye ncha ya punje. Kilichobaki ni ghala la wanga lisilo na mwenyewe. Mchele mweupe hauoti hata ukilowekwa mwezi mzima, utaoza tu. Unga wa mahindi nao ni hivyo hivyo.

Muhogo hutoa somo jingine. Uking'olewa leo, baada ya siku mbili au tatu nyama yake huanza kuwa na michirizi ya buluu na nyeusi, hata kama haujashambuliwa na vijidudu. Wachuuzi husema umeharibika. Mwanabiolojia huongeza kuwa umeharibika kwa sababu ulikuwa hai: chembe zake zilipojeruhiwa wakati wa kung'olewa na kupata hewa, ziliitikia jeraha hilo kwa kuzalisha kemikali nyingi, na kemikali hizo ndizo zinazoleta rangi ile. Jiwe likivunjwa haliitikii.

Vilivyokufa na visivyowahi kuishi

Hapo mwalimu awatahadharishe wanafunzi kuhusu kosa moja la kawaida. Neno "kisicho hai" lina mafungu mawili, na ni vema yatengwe. Kuna vitu vilivyokuwa hai vikafa, au vilivyotengenezwa kwa mabaki ya viumbe: dagaa wakavu, mkaa, mkeka wa ukindu, ubao, kitambaa cha pamba. Kisha kuna vitu ambavyo havikuwahi kuishi: sufuria, chumvi, kioo. Mkaa ukitazamwa kwa hadubini bado huonyesha vyumba vya chembe za mti, lakini vyumba hivyo ni vitupu, kama nyumba iliyohamwa.

Baadhi ya vitu huhitaji kufikiriwa zaidi. Chokaa ya pwani tangu zamani ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Mawe hayo yalijengwa baharini na wanyama wadogo sana. Wanyama wenyewe walikuwa hai. Mifupa waliyoiacha ni madini.

Hamira na magadi

Jaribio lifuatalo ndilo moyo wa somo. Zichukuliwe chupa tatu za soda na maputo matatu.

Chupa ya kwanza: kijiko kimoja cha hamira, vijiko viwili vya sukari na maji ya vuguvugu hadi nusu ya chupa. Chupa ya pili: vitu vile vile, lakini hamira ichemshwe kwanza katika maji kwa dakika kumi, kisha maji yaachwe yapoe. Chupa ya tatu: maji ya ndimu, halafu kijiko cha magadi yaliyosagwa. Kila chupa ivishwe puto mdomoni.

Chupa ya tatu itachemka papo hapo na puto kuvimba. Wanafunzi watashangilia na kusema kuwa magadi yapo hai! Chupa ya kwanza itakawia, lakini baada ya nusu saa hadi saa moja puto lake nalo litainuka. Chupa ya pili haitafanya lolote.

Hewa iliyo katika maputo yote mawili ni ile ile, hewa ya ukaa. Ikipitishwa katika maji safi ya chokaa, hugeuza maji hayo kuwa meupe kama maziwa. Basi tofauti iko wapi? Kuchemsha kunatoa jibu la kwanza: hamira iliyochemshwa imekufa, kwa kuwa joto limeharibu vimeng'enya vyake. Jibu la pili hupatikana kesho yake. Kijiko kimoja kutoka chupa ya kwanza kitiwe katika maji mapya ya sukari. Kazi itaanza upya. Kesho kutwa kihamishwe tena, itaanza tena. Kijiko cha chupa ya tatu kikihamishiwa katika ndimu mpya, kitachemka kwa kadiri ya magadi yaliyosalia, kisha kitakoma daima. Magadi hutumika yakaisha. Hamira hutumia chakula ikaongezeka. Louis Pasteur wa Ufaransa alithibitisha karne ya 19 kwamba uchachukaji wa pombe ni kazi ya viumbe hai hawa wadogo.

Mpakani

Je, kila kitu huangukia upande mmoja? La hasha. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg alieleza ugonjwa wa batobato wa mihogo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Baadaye ilijulikana kuwa ugonjwa huo huletwa na virusi. Virusi havina chembe hai na haviendeshi kazi za kikemia vyenyewe. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley aligeuza virusi vya tumbaku kuwa fuwele, kama chumvi. Lakini fuwele hizo zikiingizwa katika jani la tumbaku, huamrisha chembe za jani kutengeneza virusi vingine. Virusi vina urithi na hubadilika, lakini havina kiwanda. Hutegemea kiwanda cha mwingine. Wanasayansi wengi huviweka mpakani. Mwanafunzi asione aibu kuandika "mpakani", mradi atoe sababu.

Mambo haya yanatupasa nini?

Huenda mwanafunzi akauliza faida ya kubishana juu ya punje za choroko. Faida yake ni maisha ya watu.

Kwanza, sumukuvu. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus huota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kuvu ni kiumbe hai, na moto wa jikoni huiua. Lakini sumu iliyoitoa si kiumbe hai. Ni kemikali, na upikaji wa kawaida hauimalizi. Mama anayechemsha makande ya mahindi yenye kuvu, akitumaini kwamba ameua ubaya wote, ameua mpishi wa sumu na kuiacha sumu chunguni. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea Dodoma na Manyara. Kilicho hai huuawa. Kisicho hai hakiuawi. Dawa yake ni kukausha mahindi mapema na kuyatenga yaliyoharibika.

Pili, wadudu wa ghala. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu kutoka Amerika ya Kati, dumuzi, aliingia mkoani Tabora, akaharibu mahindi kwa nguvu hata wakulima wakamwita "Skania", jina la lori. Dumuzi hazaliwi na mahindi, kama wengine wanavyodhani. Kila dumuzi hutoka katika yai la dumuzi. Naye hupumua. Kwa hiyo mahindi yaliyokauka vema, yenye unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, yakifungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa bila sumu yoyote.

Tatu, dawa. Antibayotiki hushambulia mitambo ya bakteria, nao ni viumbe hai wenye chembe. Virusi havina mitambo hiyo. Kumeza antibayotiki kwa mafua, au kwa homa ya dengue kama iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014, hakuviui virusi. Hali hiyo huwapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuizoea dawa.

Zoezi la darasa

1. Kila kikundi kikusanye vitu kumi kutoka sokoni na kuvigawa katika mafungu manne: vilivyo hai, vilivyokufa, visivyowahi kuishi, na vya mpakani. Kila kitu kiandikiwe sababu. Jibu lisilo na sababu lisipewe alama.

2. Choroko zilizoanza kuchipua zitiwe katika chupa ya chai, na choroko zilizochemshwa zikapoa katika chupa ya pili. Zote zioshwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini. Kila chupa iwekwe kipimajoto na kuzibwa kwa pamba. Joto lisomwe asubuhi na jioni kwa siku tatu. Ni chupa ipi ina joto zaidi, na kwa nini?

3. Kikundi kimoja kisahau kwa makusudi kuosha choroko zake kwa dawa. Ikiwa chupa ya choroko zilizochemshwa nayo itapata joto, je, choroko zimefufuka? Ni nani aliyeingia humo?

4. Yai la kuku wa kisasa ambaye hakuwahi kukaa na jogoo haliwezi kuanguliwa. Je, ganda, ute na kiini chake viwekwe katika fungu gani? Jadilini.

Katika kusahihisha, mwalimu atazame njia ya mwanafunzi kabla ya kutazama jibu. Aliyeandika kwamba choroko "si hai kwa sababu haijongei" amekosea, lakini ametoa sababu inayoweza kupimwa. Apewe bakuli, maji na siku mbili. Choroko yenyewe itamsahihisha.